Uliza Ujibiwe: Ndege za maji zilizopiga Kigoma zilitoka wapi?

Safari hii nimechagua barua tatu tu, maana zimeshikana, na ya kwanza nimeisoma mara nne. Wengine mliouliza kuhusu nauli za meli na vitambulisho vumilieni, mtajibiwa toleo lijalo.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Ujiji, nauza dagaa pale mwalo wa Kibirizi. Bibi yangu mzaa mama alikua anatusimulia habari alizopewa na mama yake kwamba wakati wa vita ya Mjerumani kuna ndege ilitokea juu ya ziwa ikaangusha moto bandarini Kigoma, watu wakakimbilia milimani na watoto mgongoni. Sisi wajukuu tulikua tunaona ni hadithi za kutulaza tu, yani 1916 ndege itoke wapi na Kigoma uwanja wa ndege haukuwepo? Juzi kijiweni tumebishana mpaka basi, mmoja anasema ilikua ndege ya Mwingereza imetoka Nairobi, mwingine anasema ya Mjerumani mwenyewe. Tumalizie ubishi mzee wetu, hizo ndege kambi yao ilikua wapi, zilifanya nini haswa, na je ni kweli ndizo zilizoizamisha meli ya Liemba?
Kijana wa mwaloni, Ujiji

JIBU: Marahaba mwanangu. Bibi yako kasema kweli tupu. Ndege zilikuja, zilikuja juu ya maji kama alivyosimulia, na moto uliangushwa bandarini Kigoma mwezi Juni 1916. Hazikutoka Nairobi wala hazikua za Mjerumani. Zilitoka ng'ambo, upande wa Kongo, na waliozirusha walikua Wabelgiji.

Kambi yenyewe ilikua sehemu inaitwa Mtoa, kaskazini kidogo ya Kalemie, ambapo wakati huo Wabelgiji walipaita Albertville. Watu wa Ujiji Mtoa si jina geni kwenu. Wazee wenu wa misafara ya kwenda Manyema walipokua wakivuka ziwa kwa majahazi na mitumbwi, Mtoa ndo palikua mahali pa kushukia, kwaiyo njia ile ile ya pembe na chumvi na watumwa ndo ndege nazo zikaja kuifuata, safari hii kutoka ng'ambo kuja huku. Hilo huwa linanigusa kila nikiliwaza.

Sasa ili uelewe kwanini Mbelgiji alihangaika kuleta ndege porini huku wakati hata kwao Ulaya ndege zenyewe zilikua bado changa, lazima ujue hali ya ziwa ilivyokua. Reli ya kati ilifika Kigoma mwanzoni mwa 1914. Mjerumani akaleta meli vipande vipande, imetengenezwa Papenburg kwao Ujerumani, ikafunguliwa, ikafungwa kwenye makasha kama 5,000, ikaja kwa bahari mpaka Dar es Salaam alafu kwa treni mpaka Kigoma, ikaungwa upya hapo hapo kwa kupiga ribiti moja moja. Ikaingia majini Februari 1915. Hiyo ndo Graf von Götzen, ambayo wewe unaijua kwa jina la Liemba. Meli ya karibu mita 70 kwenye ziwa ambalo wengine wote walikua na vimashua tu! Ilikua na uwezo wa kubeba askari mamia kwa wakati mmoja na kuwashusha popote anapotaka, usiku wako Kigoma asubuhi wako kwenye mlango wa Mbelgiji. Juu yake wakafunga mzinga wa milimita 105 uliotolewa kwenye manowari ya Königsberg, ile iliyomalizwa kule delta ya Rufiji Julai 1915.

Waingereza wakaleta boti mbili ndogo za mwendo kasi, Mimi na Toutou, zikatokea Cape Town kwa reli na kwa kuvutwa milimani, wakiongozwa na ofisa mmoja anaitwa Spicer-Simson. Hizo boti zilifanya kazi kweli. Tarehe 26 Desemba 1915 zikaiteka Kingani, tarehe 9 Februari 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann, zote meli ndogo za Mjerumani. Ikabaki Götzen peke yake. Lakini Götzen ilikua imejificha Kigoma, na wewe unaijua ghuba ya Kigoma ilivyokaa, imeingia ndani kama mfuko wa shati, milima huku, rasi ya Bangwe huku, ukiwa ziwani huoni kitu mpaka uingie mlangoni na ukiingia mlangoni mizinga ya juu ya kilima inakungoja. Kwaiyo Mbelgiji akawa na shida moja kubwa kuliko zote, alikua kipofu. Hajui meli iko ndani au imetoka, hajui imefungwa mizinga mingapi, hajui askari wangapi wako bandarini.

Hapo ndipo ndege ilipohitajika. Ndege haizuiwi na rasi ya Bangwe.

Wabelgiji wakaomba kwa Waingereza, jeshi la majini la Uingereza likawapa ndege nne aina ya Short 827. Hizi ni ndege za maji. Chini hazina matairi, zina maboya mawili marefu kama mitumbwi miwili midogo iliyofungwa sambamba, na mkiani kiboya kingine kidogo cha kuzuia mkia usizame. Mabawa mawili juu na chini, mbao na kitambaa, kutoka ncha hadi ncha mita 16 na kitu, injini moja ya nguvu ya farasi kama 150 hivi, watu wawili, rubani na mwenzake wa kutazama. Mwendo wake wa juu haufiki kilomita 100 kwa saa. Yani hata basi la Kasulu kwenye lami linaweza kuikimbia.

Safari ya kuzileta ndo inanishangaza zaidi kuliko kuruka kwenyewe. Zimefungwa kwenye makasha, zimepakiwa meli Uingereza mwanzoni mwa 1916, zikashushwa Matadi, bandari ya upande wa chini wa mto Kongo. Hapo treni mpaka Kinshasa. Hapo meli ya mto siku nyingi mpaka Kisangani. Mto una maporomoko, kwaiyo unashusha unapanda treni mpaka Ubundu, unashusha unapanda boti mpaka Kindu, unashusha unapanda treni mpaka Kongolo, boti tena mpaka Kabalo, alafu treni ya mwisho, ambayo reli yake ilikua haijamaliza hata miaka miwili tangu ifike ziwani, mpaka Kalemie. Kila pakia shusha ni mabega ya watu. Ripoti za maofisa zinataja majina ya marubani na watazamaji wao, Behaeghe, Orta, Castiau, Collignon na wenzao, lakini aliyebeba kasha la bawa kichwani kwenye tope la Kabalo hana jina popote, na bila yeye hakuna ndege. Niliwahi kumuuliza mzee mmoja wa kutoka ng'ambo kama kwao kuna masimulizi ya kazi hiyo, akaniambia babu yake alikua anasema tu "tulibeba vitu vya Bula Matari", yani serikali ya wakoloni wa Kongo, hawakuambiwa ndani kuna nini.

Sasa swali ambalo hujauliza lakini ungeuliza ungekua umekaa hapa: kwanini Mtoa na sio Kalemie penyewe ambapo treni inaishia? Jibu unalo wewe mtu wa mwaloni. Tanganyika ina mawimbi. Ikivuma ile ya kusini ziwa linakua bahari, na hata siku ya utulivu kuna yale mawimbi marefu ya chini yanayonyanyua mtumbwi pole pole. Ndege ya maji ili iruke inabidi ikimbie juu ya maji kwa muda mrefu, wimbi moja tu baya likipiga boya, boya linapasuka au ndege inapiga pua. Kwaiyo wakatafuta maji yaliyotulia, wakapata pale Mtoa kijiziwa kidogo pembeni mwa ziwa kubwa kinaitwa Tungwe, kimetenganishwa na ziwa, kimekingwa na upepo. Wakajenga mabanda, mahali pa kuzivutia ndege nchi kavu, stoo ya mafuta na mabomu, vibanda vya kulala. Hiyo ndo ilikua kambi ya ndege za kivita ya ziwa zima la Tanganyika. Kwa wakati ule ilikua peke yake.

Na bado Tungwe nayo ilikua na shida yake. Kwanza ni ndogo, ukichelewa kuinuka unaishia kwenye matete. Pili, usawa wa ziwa Tanganyika ni kama mita 770 juu ya bahari, na joto la huku unalijua. Hewa ya huku juu na ya moto ni nyepesi, mabawa hayapati kitu cha kushika vizuri, injini inakosa nguvu, maji ya rejeta yanachemka. Zile ndege zilitengenezwa kurukia bahari ya baridi ya Uingereza. Ndo maana marubani walikua wanalazimika kupunguza mzigo, upunguze mafuta au upunguze bomu, na kuondoka asubuhi na mapema kabla jua halijapanda. Ndege ya kwanza ikaruka mwezi Mei 1916.

Piga hesabu na mimi. Kutoka Mtoa mpaka Kigoma kwa njia ya juu ni kilomita 100 hivi. Ndege inakwenda chini kidogo ya kilomita 100 kwa saa. Kwaiyo saa moja na ushee kwenda, saa moja na ushee kurudi, na tenki lake likijaa ni saa tatu na nusu. Nafasi ya kupotea njia au kuzunguka zunguka juu ya Kigoma ni ndogo sana, na chini ni maji muda wote. Injini ikizima unatua ziwani kama mawimbi yanaruhusu, unakaa juu ya boya unaomba Mungu boti ya kwenu ikuone kabla ya ya Mjerumani. Hawa jamaa walikua na moyo, hilo lazima niliseme ingawa vita yao haikua yetu.

Juni 1916 Behaeghe na Collignon wakaja Kigoma wakaangusha mabomu, kila moja la kilo kama 30. Hiyo ndo siku aliyoisimulia mama wa bibi yako, au mojawapo, maana walirudi tena baadae mwezi Julai. Wewe jiweke tu kwenye nafasi ya mtu wa Kigoma wa mwaka ule. Hajawahi kuona gari pengine, treni kaizoea miaka miwili tu, alafu kitu kinanguruma kutoka upande wa ziwa, kinakuja juu juu kina mabawa manne na miguu kama mitumbwi, kinapita juu ya stesheni, na ardhi inapasuka. Kukimbilia milimani ilikua akili kabisa.

Sasa nifike kwenye ubishi wenu mkubwa, je ndizo zilizoizamisha Liemba? Hapana. Hapa nataka uwe makini kwa sababu watu wengi hata wenye kusoma wanachanganya. Marubani waliporudi walisema wameipiga, na pengine kweli bomu lilitua karibu, lakini meli haikuzama kwa bomu. Iliyozamisha Götzen ni Mjerumani mwenyewe. Julai ile majeshi ya Mbelgiji chini ya jenerali Tombeur yalishapita Rwanda na Burundi yanashuka kuja reli ya kati, Kigoma ikawa haiwezi kushikika tena. Ofisa wa meli akaamuru wale mafundi watatu walioiunda, Rüter, Wendt na Tellmann, waizamishe. Nao roho zao zikakataa kuiharibu kazi ya mikono yao, wakapaka injini grisi nzito kila mahali, wakaijaza mchanga, wakaishusha taratibu tarehe 26 Julai 1916 karibu na mdomo wa Malagarasi. Siku mbili baadae Wabelgiji wakaingia Kigoma. Ile grisi ndo imefanya meli ikawepo mpaka leo, maana Waingereza walikuja kuiinua 1924 wakakuta injini inafaa, wakaipa jina Liemba 1927. Kabla yao Wabelgiji waliiinua 1918 ikaja kuzama tena bandarini kwa dhoruba 1920, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Sasa kama ndege hazikuzamisha meli, zilifanya nini? Hapa ndo kwenye jibu la swali lako haswa. Kazi kubwa ya kambi ya Mtoa ilikua jicho. Kwa mara ya kwanza Mbelgiji aliweza kujua Kigoma kuna nini bila kutuma mpelelezi wa kuvuka usiku kwa mtumbwi. Akajua meli iko ndani imetulia, haitoki. Na Mjerumani naye akajua anaonekana, na mtu akijua anaonekana anabadilika, ile ghuba iliyokua ngome ikawa kama ua usio na paa. Kuna jambo moja lingine, kufikia kipindi hicho ule mzinga mkubwa wa Königsberg ulishatolewa kwenye Götzen ukapelekwa kwa majeshi ya nchi kavu, na mahali pake wakaweka mfano wa mbao kudanganya. Fikiria basi. Wanaume wamevusha ndege nusu ya Afrika kuja kupambana na meli ambayo meno yake ni ya mti. Jicho la angani nalo lina mipaka yake, ukiwa juu unapita kwa kasi na unapigwa risasi, mti na chuma vinafanana.

Baada ya Kigoma kuanguka vita ikahamia reli, Tabora ikachukuliwa 19 Septemba 1916, na kambi ya ndege ya Mtoa ikakosa kazi, maana ndege ya maji huko Unyamwezi inatua wapi? Behaeghe hakurudi kwao. Aliugua akafariki Desemba 1916 pale Niemba, magharibi ya Kalemie, hakuuawa na risasi bali na ugonjwa kama maelfu ya askari na wapagazi wa vita ile. Wabelgiji wenyewe walikaa Kigoma mpaka 1921 walipomkabidhi Mwingereza, na hata baada ya hapo wakabaki na eneo lao bandarini kwa ajili ya mizigo ya Kongo.

Mwanangu, ukirudi kijiweni waambie hivyo. Na kama mama yako yuko hai muulize bibi yake aliitaje ile ndege, kwa Kiha, Kimanyema au Kiswahili cha Ujiji, jina lolote. Andika uniletee.

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi ni mwalimu hapa Tabora. Wanafunzi wangu wameniuliza kitu sikuweza kujibu, wamesikia kwamba kuna ndege kubwa ilianguka Tabora zamani sana mara tu baada ya vita ya kwanza. Je ilikua ya jeshi? Na uwanja ulijengwa na nani wakati huo?
Mwalimu, Tabora mjini

JIBU: Nzuri mwalimu, hongera kwa kuwa na wanafunzi wanaouliza. Ni kweli kabisa. Tarehe 27 Februari 1920 ndege aina ya Vickers Vimy, injini mbili, ilianguka Tabora ikijaribu kuruka.

Haikua ya jeshi moja kwa moja, ila kila kitu chake kilitoka jeshini. Vimy iliundwa kama ndege ya kudondosha mabomu, vita ikaisha kabla haijatumika sana, wakaitengenezea toleo la abiria. Hiyo ya Tabora ilikodiwa na gazeti la The Times la London kujaribu kuwa ya kwanza kuruka kutoka Misri mpaka Cape. Marubani ni makapteni wawili wa vita, Cockerell na Broome, pamoja na mafundi wawili na abiria mmoja mtaalamu wa wanyama, Chalmers Mitchell. Waliondoka Uingereza 24 Januari. Njia nzima walisumbuliwa na injini kuvuja maji na kuchemka.

Na uwanja, mwalimu, uwanja ndo jeshi lenyewe. Baada tu ya vita jeshi la anga la Uingereza lilituma makundi matatu ya upimaji kutengeneza viwanja kutoka Cairo mpaka Cape, kila baada ya umbali fulani kiwanja kimoja, na Tabora ikapewa kimoja kwa sababu ya reli. Ukisikia "walitengeneza uwanja" usiwaone wazungu na majembe. Ni vibarua wa vijijini, kung'oa visiki vya miombo na kubomoa vichuguu. Wewe uko Tabora unajua kichuguu ni nini, kingine kina urefu wa nyumba na ugumu wa zege. Kule Ndola, Zambia ya leo, peke yake waliondoa maelfu ya tani za udongo wa vichuguu. Kwaiyo wanafunzi wako wakiuliza nani alijenga uwanja wa kwanza wa Tabora waambie babu wa babu zao, kwa jembe na karai.

Kwanini ilianguka? Rudi kwenye jibu la kijana wa Ujiji hapo juu, hewa nyepesi. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, juu zaidi ya ziwani kwa mita 400 na zaidi. Februari kuna joto na unyevu. Ndege imejaa mafuta, injini inachemka, ikashindwa kuinuka ikaharibika kabisa. Watu wote watano walitoka wazima. Na angalia hili uwaonyeshe darasani kwenye ramani: mwezi ule ule marubani wa Afrika Kusini, van Ryneveld na Brand, walikua wanakuja na Vimy nyingine kwa njia hiyo hiyo, nayo ikaanguka Bulawayo Machi 1920, na Bulawayo iko juu zaidi ya mita 1,300. Ndege aina moja, miji miwili ya uwanda wa juu, kosa linalofanana. Wale wakapewa ndege nyingine ndogo wakafika Cape Town 20 Machi. Ni somo zuri la fizikia mwalimu, wala halihitaji maabara, linahitaji ramani yenye vimo tu.

SWALI: Kaka mhariri mimi nauliza kwa kifupi. Jeshi letu la anga lina vituo vyake Ngerengere na Mwanza, kwanini Kigoma tuliopakana na nchi mbili hatujawahi kuwa nayo, tumesahaulika tena?
Dada wa Kibondo

JIBU: Dada yangu, najua kwenu neno kusahaulika lina uzito, reli na lami mmevisubiri sana, sitakudharau kwa hilo. Lakini kwenye hili naona sababu ni nyingine. JWTZ lilianzishwa Septemba 1964 baada ya maasi ya askari ya Januari. Upande wa ndege walianza kusaidia Wajerumani wa Magharibi, wakaondoka 1965 kwa ugomvi wa suala la Zanzibar na Ujerumani Mashariki, wakaingia Wakanada na ndege za mizigo aina ya Otter na Caribou, baadae Wachina ndo wakaleta ndege za kivita za jeti, na Ngerengere ikawa kambi yao. Jeti sio Otter. Otter inatua hata kwenye majani. Jeti inataka njia ndefu ya lami safi, jiwe dogo likivutwa injini imekufa, na uwanja wa Kigoma ulikua wa changarawe kwa miaka mingi sana. Ngerengere iko kwenye reli ya kati, karibu na Dar, mbali na mpaka, adui hawezi kuivizia kirahisi. Kambi ya ndege ukiiweka mpakani inaweza kupigwa kabla rubani hajavaa viatu.

Mwanza ilipata umuhimu kwa sababu ya Amin. Vita ya Kagera 1978 mpaka 1979 ilipiganwa kaskazini, na Mwanza ndo mji mkubwa wa nyuma ya mstari. Nao ulilipa, tarehe 29 Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokua inamsaidia Amin, aina ya Tupolev ilikuja kuupiga, mabomu yakakosa shabaha. Kuna watu wazima Mwanza wanaukumbuka mlio ule kama mama wa bibi wa yule kijana alivyoukumbuka wa Mtoa.

Kigoma kwa miaka hiyo mpaka wake ulikua na kazi ya aina nyingine, kupokea watu. Wakimbizi wa Burundi wa 1972 walivuka kwa miguu na kwa mitumbwi, na kwenye kazi hiyo kilichohitajika ni malori, boti, na ndege ya mizigo ya kutua popote. Caribou ilikua inafaa Kibondo kuliko jeti yoyote.